Sikukuu ya Moshi Huhesabiwa Kuanzia Nyuma

Anayefika Moshi tarehe 24 Desemba jioni akitegemea kuanza maandalizi usiku huohuo ameshachelewa wiki mbili. Mbege ya Krismasi, ile pombe ya ndizi na ulezi, hutokana na ndizi zilizokatwa tarehe 10 au kabla yake. Mbuzi mzuri ameshanunuliwa bei ikiwa bado ya kawaida. Tiketi ya kurudi Dar es Salaam mwanzoni mwa Januari imekatwa siku moja na ile ya kuja. Wenyeji wanaoijua shughuli hii hushika kalenda, wakaanzia tarehe 24 na kuhesabu kurudi nyuma, maana kila kitu kina siku yake na siku ikipita hela haiwezi kuirudisha.

Mji umekaa kati ya mito. Karanga uko magharibi, Rau mashariki, na ukishika barabara ya Arusha unavuka Weruweru, kisha Kikafu. Yote inashuka kutoka Mlima Kilimanjaro na kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani. Familia nyingi zina makao mawili: nyumba ya mjini, na kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, huko juu mlimani, iwe Kibosho, Uru, Old Moshi, Machame, Marangu au Rombo. Watu husema Wachagga hupanda Desemba kwenda kuhesabiwa, na ni kweli wazee huhesabu. Wanataka kuona mjukuu gani amezaliwa, nani ameoa, na nani hajaonekana mwaka wa pili sasa. Kwa hiyo mpango unaofaa familia nyingi ni kulala juu usiku wa 24, 25 na 26, halafu kushuka mjini kwa siku zinazobaki, ambako kuna nafasi ya marafiki na matembezi. Kuwarundika wageni wote kihambani wiki nzima kunachosha wenyeji na wageni pia, hasa akina mama ambao jiko haliwapi nafasi ya kukaa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kama kilomita 560, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Mwanga. Siku za kawaida basi hutumia saa tisa au kumi. Kuanzia tarehe 20 Desemba weka akiba ya saa kadhaa zaidi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, na hilo limepunguza msongamano wa alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Bado kosa la abiria wengi ni kukata tiketi ya Moshi mjini wakati kwao ni Marangu au Rombo. Shuka Himo Njia Panda, upate gari la kupanda hapohapo, usiende mjini na kurudi. Wa Machame ashuke njia panda ya Machame kama basi lake linaendelea Arusha. Wa Kibosho na Uru ndio wenye sababu ya kufika stendi ya mjini. Treni ya abiria ilirejea Moshi Desemba 2019 na mwaka 2020 ikafika Arusha. Inakwenda polepole, lakini mwenye watoto na mizigo mingi hupumua kuliko kwenye basi. Tiketi zake huisha mapema pia.

Nauli elekezi hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na mabasi yana tiketi za mtandao. Mpiga debe akikwambia nafasi zimeisha ila anayo moja ya bei nyingine, mwache aende zake. Nenda ofisi ya kampuni, lipa, angalia jina lako na namba ya kiti kwenye tiketi kabla hujaondoka dirishani.

Sasa mbege, maana ndiyo inayokula siku nyingi kuliko vyote. Inahitaji vitu viwili vinavyoandaliwa sambamba, ndizi na ulezi, na kimoja kikichelewa kingine kinaharibika kikisubiri. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, zikafukiwa au kuwekwa darini juu ya moshi wa jiko hadi ziive kabisa. Huko juu kwenye baridi zinaweza kuchukua wiki nzima. Mjini kwenye joto ni siku nne au tano. Zikishaiva humenywa na kuchemshwa na maji kwa saa nyingi, zikikorogwa, hadi rangi iwe ya hudhurungi inayokaribia wekundu. Hapo hupozwa na kuachwa kwenye pipa zichachuke. Mchachuko huo, ambao wenyeji huuita nyalu, hukaa siku tano hadi saba.

Upande wa ulezi, nafaka hulowekwa siku moja, hutandazwa mahali penye unyevu na kufunikwa hadi ichipue, halafu hukaushwa juani na kusagwa. Hapa ndipo Desemba huharibu mambo. Mvua za vuli huwa bado hazijaisha huko juu, jua linatoka saa mbili na kujificha saa tano, na kimea kisichokauka vizuri huota ukungu. Ulezi wenye ukungu usijaribu kuuokoa kwa kuukaanga. Mwaga, nunua kimea kilichokauka sokoni. Wenye busara huotesha ulezi wao mwishoni mwa Novemba, wakaukausha taratibu na kuutunza kwenye debe lenye kifuniko.

Siku moja kabla ya kunywa, unga wa kimea hupikwa uji unaoitwa mso. Uji huo lazima upoe hadi uvumilike mkononi kabla ya kukutana na nyalu iliyochujwa. Chachu yote iko ndani ya nyalu, na uji wa moto huiua. Mbege ya namna hiyo hukaa tamu kama togwa hata kesho yake, na watu wakadhani ulezi ulikuwa mbaya. Uchungu hutoka kwenye gome la mti wa msesewe. Gome likizidi, mbege inakuwa kali mdomoni na wageni wa pwani watarudisha kata baada ya funda moja, kwa hiyo mwenye wageni apunguze. Baada ya kuchanganya, saa sita zinatosha kwa anayetaka laini. Usiku mzima kwa anayetaka yenye nguvu. Siku ya pili bado ni nzuri. Siku ya tatu imeshakuwa chachu, ya wazee wachache wanaoipenda hivyo.

Jambo moja la hatari hapa: mbege inaendelea kuchachuka hata ukishaimimina kwenye chupa. Anayeibeba kwenda mjini kwenye chupa ya plastiki asikaze kifuniko, na asiiache kwenye gari lililofungwa juani. Chupa hupasuka, na ile ya kioo hukata watu. Dereva naye asiguse kata. Barabara za kupanda na kushuka vijijini ni nyembamba, zina kona kali na makorongo ya mito pembeni, na mvua ikinyesha tope lake linateleza hata kwa gari la magurudumu manne. Kila nyumba iteue dereva wa siku, na kijana huyo atengewe soda yake na mfupa mnono.

Mbuzi ni hesabu nyepesi zaidi. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa nyama ya kilo 13 hadi 14 pamoja na mifupa. Ukimpa mtu gramu 350, mbuzi mmoja anatosha watu 38 hivi, kama kuna ndizi na wali pembeni. Chagua dume aliyehasiwa. Beberu mzima huwa na harufu ambayo hata ndimu haiondoi. Mshike mgongoni juu ya kiuno: ukihisi mifupa inachoma vidole, amekonda, hata kama tumbo ni kubwa. Tumbo kubwa siku ya mnada mara nyingi ni maji na pumba alizolishwa asubuhi hiyo. Nunua kabla ya tarehe 18, umlishe nyumbani majani ya migomba na nyasi, na usiku wa kuamkia kuchinja mpe maji tu. Utumbo wenye chakula kingi hupasuka kirahisi wakati wa kupasua na kuchafua nyama.

Familia za Moshi zimechanganyika: shemeji Mwislamu, wifi Msabato, mjomba Mkatoliki, babu Mlutheri. Njia rahisi ya kuwaweka wote meza moja ni kumwita Mwislamu achinje, tena umwambie mapema, maana asubuhi ya tarehe 25 anatafutwa na nyumba kumi. Kisusio, ile supu ya damu, kiwe na sufuria yake na mwiko wake, mbali na supu ya kawaida. Damu ikorogwe mara tu inapokingwa, nyuzi zinazojitokeza zitolewe, isigande. Kisha ichemke kabisa, isipashwe tu. Mwenye kupika kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, apikie upande mwingine wa kiwanja, kwa vyombo vingine, na asiwe anaonja akiwapakulia wengine. Mambo haya ni madogo ukiyapanga siku moja kabla. Yakigundulika chakula kimeshafika mezani, mgeni anaondoka na njaa na mama mwenye nyumba anaona aibu mwaka mzima.

Kabla hujaanza kukatakata nyama, muulize mzee. Kwenye mila za Kichagga kila kiungo kina mwenyewe, na utaratibu hutofautiana kati ya koo na koo. Kidari kilichokatwa vipande na kutupwa sufuriani na kijana aliyekuja na kisu kipya kutoka mjini kinaweza kuleta maneno yasiyokwisha.

Anayetaka ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuokwa, aanze usiku. Pakaa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, ndani na nje. Chana mapaja na mabega hadi karibu na mfupa, nafasi ya vidole viwili kati ya mchano na mchano. Bila hiyo, ngozi ya nje inaungua huku paja likitoa damu ndani. Okea makaa, kamwe si miali. Makaa yawe mengi pembeni chini ya mapaja na mabega, machache katikati chini ya mbavu. Oka kwa muda wa saa nne hadi tano, ukigeuza kila baada ya dakika 20. Mafuta yakidondoka moto ukawaka, sogeza makaa, usimwage maji, maana majivu yataruka na kuganda kwenye nyama.

Mtori wa asubuhi ya Krismasi ndio unaowatuliza waliochoka na safari. Kwa watu kumi chukua kilo mbili za nyama ya ng'ombe yenye mifupa na mafuta kidogo, ndizi mshare mbichi kama 40 za ukubwa wa kawaida, vitunguu vitatu, karoti mbili, nusu lita ya maziwa freshi na vijiko viwili vya siagi. Chemsha nyama kwanza, peke yake, hadi iachane na mfupa. Kwenye kuni ni saa mbili hivi. Wakati huo menya ndizi. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kwanza, kwa sababu utomvu wake ukikauka hautoki kwa sabuni na doa lake kwenye nguo ni la milele. Kila ndizi ikimenywa itumbukie kwenye maji baridi, la sivyo inageuka nyeusi na mtori wote unakuwa wa rangi ya majivu.

Opoa nyama, toa mifupa, nyama ichambue. Mchuzi uliobaki ukiwa unatokota tia ndizi, vitunguu na karoti, funika. Baada ya dakika 30 hadi 40 ndizi zikivunjika kwa kubonyezwa na mwiko, epua na uponde. Bibi jikoni atakwambia, "Mwanangu, ponda, usisage," na ana sababu: ndizi iliyopitishwa kwenye mashine inavutika kama gundi. Rudisha nyama, tia siagi, na maziwa mwisho kabisa kwenye moto mdogo. Kama mtu ameshakamulia ndimu ndani ya sufuria, maziwa yatakatika, kwa hiyo ndimu ikae mezani, kila mtu akamulie kwenye bakuli lake. Uache mwepesi kuliko unavyoutaka. Ukikaa robo saa unazidi kuwa mzito, na uliobaki hadi saa nne utahitaji kikombe cha mchuzi kuulegeza.

Kanisani fikeni mapema, na kila mtu awe na noti ndogo mfukoni, za elfu moja na elfu mbili. Baada ya ibada, hasa kwenye sharika za Kilutheri vijijini, sadaka za mazao hunadiwa nje: mkungu wa ndizi, jogoo, mayai, miwa, parachichi. Mgeni asione haya kutaja bei. Kuku anaweza kununuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena mara tatu, na kila mara fedha inabaki kanisani. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote za siku hiyo, kwa sababu aliyetoka mjini na aliyebaki kijijini wanacheka pamoja bila kuulizana kazi wala mshahara. Ila panga kiasi chako kabla. Ushindani wa mashemeji wawili juu ya jogoo mmoja umewahi kumaliza nauli za watu.

Tarehe 26 na 27 ndizo za kikao cha ukoo. Aliye na ugomvi na ndugu yake huja na jani la sale, lile linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na akiomba radhi nalo ni vigumu sana kukataliwa. Kikao kifanyike asubuhi kabla mbege haijazunguka. Masuala ya mpaka, ada za watoto yatima na ujenzi wa kaburi la babu yaandikwe kwenye daftari, na michango itajwe kwa tarehe.

Baada ya hapo watu hutaka kwenda mtoni. Chemka, chemchemi iliyo karibu na Rundugai wilayani Hai, ndiko kunakojaa zaidi. Unakunja kutoka Boma Ng'ombe na barabara ni ya vumbi, ya tope kukinyesha. Maji ni vuguvugu na meupe hadi unaona chini, na weupe huo ndio unaodanganya, maana kina kinachoonekana kifupi kinampita mtu mzima. Asiyejua kuogelea avae boya, na kila watoto watatu wawe na mtu mzima mmoja asiyeshika simu wala chupa. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Saa sita hakuna pa kukanyaga. Maporomoko ya Materuni huko Uru yanahitaji kutembea kwa miguu, viatu vyenye meno, na nguo ya kubadili, kwa sababu maji yake ni ya baridi kali. Kinukamori, jirani na Marangu Mtoni, ndiko kunakowafaa wazee, ingawa ngazi za kushuka huteleza.

Kwa wanaopenda kukaa tu kwenye mawe ya Karanga au Weruweru na kuchoma mahindi: tazama juu, mlimani, kila baada ya muda. Mvua inaweza kunyesha huko msituni wakati mjini jua linawaka, na maji yakafika chini baada ya saa kadhaa bila tone moja kudondoka ulipo. Dalili ni tatu. Maji huanza kubeba majani na vijiti, rangi hugeuka kahawia, na sauti ya mto hubadilika kuwa nzito. Ukiona moja, toa watoto, acha sufuria. Usivuke kwenda kuchukua viatu vilivyobaki ng'ambo. Gari nalo lisiegeshwe kwenye mchanga wa bonde, hata kama ndipo penye kivuli.

Takataka zirudi na aliyezileta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba maji hayohayo yanaingia kwenye mifereji ya watu wa chini na kunyweshea mifugo.

Nguo ziwe za aina mbili. Mjini Desemba ni joto la kutoka jasho ukiwa umekaa. Kihambani usiku unahitaji sweta na blanketi zito. Chandarua kinahitajika zaidi mjini na kwenye tambarare kuliko huko juu, na watoto waliozoea baridi ya mlimani ndio wa kuangaliwa kwanza wakipata homa baada ya kushuka. Wapelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo, wasisubiri kurudi Dar.

Siku ya kuondoka bibi atakupa mkungu. Omba ukatwe siku moja kabla, ndizi zikiwa mbichi kabisa, utomvu uishe usiku. Zitenganishe vichane, zifunge kwa majani makavu ya mgomba ndani ya kiroba, na mwambie kondakta aweke upande wa mbali na injini. Zikikaa kwenye joto zitafika Segera zimeshaanza kuiva, na mshare iliyoanza kuiva haifai mtori. Parachichi zibebwe mkononi.

Kiroba kiandikwe jina na namba ya simu kwa kalamu nene pande zote mbili, kwani kwenye buti la basi la tarehe 2 Januari viroba vya ndizi vinafanana vyote.